Mwongozo kamili: jinsi ya kuwasaidia wanafunzi wabuni kitu kinachoondoa kero, kuanzia jikoni mpaka kwenye maonesho

Kila msimu wa maonesho ya sayansi ukikaribia napata meseji za aina moja, "mwalimu naomba wazo la projekti", na jibu langu huwa halibadiliki: wazo haliombwi kwa mtu. Nenda jikoni, nenda kwenye foleni ya maji, nenda kwenye vyoo vya shule, kaa hapo nusu saa umefunga mdomo uangalie watu wanahangaika na nini. Projekti nyingi nilizoona zikifa zilianzia kwenye kifaa, yaani mtoto kaona roboti YouTube akaipenda, akaitengeneza kwa maboksi na mota ya redio mbovu, akaenda nayo kwenye maonesho, jaji akamuuliza inamsaidia nani, akanyamaza.

Mi ni mlezi wa klabu ya sayansi sekondari ya kata, maabara tunayo ya kawaida tu, umeme unakuja na kukatika. Kwa hiyo nitakachoeleza hapa hakihitaji vitu vya gharama. Ili nisiongee hewani nitaifuata projekti moja mwanzo mpaka mwisho: kapu la kuivishia maharage bila moto, kifaa ambacho kundi la kidato cha pili walikihangaikia karibu muhula mzima. Wewe kero yako inaweza kuwa nyingine kabisa, panya stoo, vumbi darasani, mtoto asiyeona ubaoni, haijalishi, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Daftari la kero, wiki moja nzima

Kila mwanafunzi awe na daftari dogo. Kwa siku saba anaandika kero tatu kila siku alizoziona kwa macho yake, nyumbani, njiani, shuleni. Marufuku kuandika suluhisho. Hili ni gumu kwao kuliko unavyodhani, mtoto akiona tatizo tu tayari anataka kuchora mashine.

Kero iandikwe ikiwa na mtu ndani yake, mahali na muda. "Maji ni tatizo" hiyo sio kero, hiyo ni habari. "Wasichana wa bweni wanachota maji saa kumi na moja alfajiri, bomba moja, wa mwisho anaingia darasani kipindi cha kwanza kimeshaanza", hapo sasa una kitu cha kufanyia kazi, unamjua mwenye shida na unajua cha kupima.

Na waambie waandike hata kile ambacho mwalimu atasema hakiwezekani. Nawapa habari ya Erasto Mpemba kila mwaka na sichoki. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe halafu wanayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akaona akisubiri atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Baadaye akakuta ya kwake yameganda na ya mwenzake aliyeweka ya baridi bado. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini ya moto yaliganda kwanza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, profesa Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam akaenda kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akanyanyuka akauliza swali lilelile, wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, alirudi chuoni likajaribiwa, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana kuhusu jambo hilo na wanaliita kwa jina lake. Lilianzia kwenye foleni ya friji. Mwalimu mwenzangu, ukimcheka mtoto kwenye hatua hii umeshaimaliza projekti kabla haijaanza, nakuomba sana.

Hatua ya 2: Chagueni kero moja, halafu mkamuulize anayeumia nayo

Kuchagua nawapa maswali matatu tu. Je, inamsumbua mtu tunayeweza kumfikia kwa miguu? Je, tunaweza kuipima? Je, tukikosea hakuna atakayeumia? Ikikosa moja tunaiweka pembeni. Kundi langu lilikuwa na kero 60 na kitu, wakabaki na "jikoni wanatumia kuni nyingi kupika maharage".

Sasa nenda kwa mwenye kero. Nilienda nao jikoni mara ya kwanza kwa sababu nilijua wakienda peke yao wataonekana wamekuja kuzurura.

"Shikamoo mama."
"Marahaba wanangu, mmefuata ukoko?"

Wakamweleza kwamba wanataka kupunguza kuni. Mama mpishi akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia kuni zinaletwa na gari, yeye hazimuumizi kichwa. Kinachomuumiza ni kuamka saa tisa usiku, kusimama kwenye moshi masaa matatu akichochea na kuongeza maji, macho yanawasha na kifua kinabana. Yaani kero waliyoandika kwenye daftari ilikuwa ya mhasibu, ya mpishi ilikuwa nyingine. Wangejenga jiko linalopunguza kuni lakini bado linamtaka mtu asimame pale usiku kucha, yeye asingelitumia, na angekuwa sahihi.

Maswali mazuri ya kumuuliza mwenye kero ni haya ya kawaida tu: mara ya mwisho ilikuwaje? Ulifanyaje? Umeshajaribu nini? Kwa nini uliacha? Usimuulize "ungependa kifaa cha namna gani", atakupa jibu la kukufurahisha. Na usimuulize "je hili wazo letu ni zuri", mtu mzima hawezi kumvunja moyo mtoto usoni. Mmoja anauliza, mmoja anaandika, na anaandika maneno ya mtu kama alivyoyasema, asiyageuze kuwa lugha ya kitabu.

Hatua ya 3: Pimeni hali ilivyo kabla hamjagusa nyundo

Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo majaji wanawakamatia. Huwezi kusema kifaa chako kimepunguza kitu kama hukupima mwanzoni kilikuwa kiasi gani. Kwa projekti yetu tulihitaji vitu vitatu, uzito wa kuni, muda wa moto, na maji yaliyoongezwa. Mizani ya kuning'iniza tuliazima dukani, saa ni ya simu, maji yanapimwa kwa dumu la lita 5. Pima siku tatu tofauti, siku moja haitoshi, kuni za siku hiyo zinaweza kuwa mbichi. Na zote zitoke kwenye lundo moja, maana kuni mbichi zinatumia moto wao wenyewe kukausha maji yaliyo ndani yake kabla hazijakusaidia wewe.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili na ni tamu sana. Chukua sufuria la nyumbani, maharage kilo moja na maji lita 3. Kupandisha yale maji kutoka nyuzi 25 mpaka 100 unahitaji 3 × 4,200 × 75, yaani kama juli 945,000. Haya, yakishachemka hayapandi tena, hata ukirundika kuni mpaka moto uguse dari maji yanabaki palepale kwenye nyuzi 100, moto unaozidi unageuza maji kuwa mvuke tu. Na lita moja ikigeuka mvuke inakula juli kama 2,260,000, zaidi ya mara mbili ya moto wote uliochemsha zile lita tatu! Sasa mkumbuke mama mpishi anayeongeza maji mara kwa mara, kila dumu analoongeza ni mvuke uliokwisha kuondoka dirishani.

Harage lenyewe halitaki fujo ya kutokota. Linataka joto na muda. Nilipowaambia hivyo binti mmoja akauliza, kwa hiyo tukiweza kulizuia joto lisitoke tunazima moto? Hapo projekti ilipata mwelekeo. Na kwa walioko nyanda za juu, mkumbuke mahali kama Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, ndo maana maharage kule yanachukua mda mrefu kuliko Dar. Andikeni mlipo, vipimo vyenu havitafanana na vya shule ya pwani.

Hatua ya 4: Tafuteni nani ameshafanya

Msiogope kukuta kimeshafanywa. Wazo la kuivisha chakula kwa joto lililofungiwa ni la zamani, Waingereza wakati wa vita vya pili vya dunia walikuwa wanatumia masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kubana matumizi ya nishati. Na kwetu nani hajamuona bibi akiliviringisha sufuria la wali kwenye blanketi, au akipalia makaa juu ya mfuniko? Kilicho chenu ni kujibu swali la hapa mlipo: kwa vitu vinavyopatikana kijijini kwetu, kipi kinashika joto vizuri zaidi, kwa bei gani, na je mama fulani atakitumia? Hilo hakuna aliyewajibia.

Hatua ya 5: Jengeni cha kwanza haraka na kiwe cha hovyohovyo

Cha kwanza ni cha kujifunzia, kisizidi siku mbili. Sisi tulitumia hivi:

- tenga moja la mianzi, kubwa kiasi kwamba sufuria likikaa katikati inabaki nafasi ya sentimita 10 kila upande na chini pia
- sufuria la lita 5 lenye mfuniko unaobana, lisilo na mkono mrefu
- kiroba cha kutandika ndani
- vya kushikia joto: sufi, pumba za mpunga, majani makavu ya migomba, nguo kuukuu
- kitambaa cha pamba, kanga iliyochakaa inafaa sana
- mto wa kufunikia juu, umeshonwa kwa kitenge na kujazwa kilekile kilichojazwa ndani

Tandika kiroba ndani ya tenga. Weka tabaka la chini sentimita 10. Weka sufuria tupu katikati ulifunge na kanga, halafu jaza pembeni mpaka usawa wa mfuniko. Usishindilie! Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi za sufi au pumba, ukishindilia umeitoa hewa na umejenga ukuta unaopitisha joto. Wanangu walishindilia pumba kwa ngumi siku ya kwanza wakidhani ndo uimara. Ukitoa sufuria kanga inabaki na umbo la kiota, hapo ndo sufuria litakuwa linaingia na kutoka. Mto wa juu uwe mpana kuliko mdomo wa tenga, uminywe vizuri pembeni, maana joto linapenda kukimbilia juu na ukiacha upenyo kazi yote ya pembeni imepotea.

Tahadhari ambayo sitaipitia haraka: kabla sufuria halijaingia kwenye tenga liwekwe kwanza kwenye udongo au kigae, chini yake paangaliwe kama kuna kaa limenata, pafutwe. Kaa moja dogo kwenye sufi linafukuta kimyakimya na linaweza kuwaka wakati hakuna mtu. Kitambaa kinachogusa sufuria kiwe cha pamba, nailoni inayeyuka. Sponji la godoro lisiguse sufuria moja kwa moja. Na kubeba sufuria la moto ni kazi ya mwalimu au mpishi, wanafunzi wanapima. Moto wa mkaa usiwashwe ndani ya darasa au maabara iliyofungwa hata kwa dakika chache, ule moshi usioonekana unaua.

Kuhusu vitu vya kujengea, msinunue kabla hamjazunguka. William Kamkwamba wa Malawi alijenga kinu chake cha upepo kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, nchi ikiwa imetoka kwenye njaa na yeye ameacha shule kwa kukosa ada. Gereji, kwa fundi baiskeli, kwa fundi cherehani, kwa wauza skrepa, nendeni kwa adabu mkieleza mnachofanya, mafundi wengi wanafurahi kuulizwa na mtoto wa shule na watawafundisha kitu ambacho mimi mwalimu sikijui.

Kitu kingine, angalia nani anashika nini. Ukiacha vikundi vijiendeshe vyenyewe utakuta wavulana wameshika msumeno na wasichana wamepewa kalamu waandike ripoti. Badilishana kila wiki, iwe sheria.

Hatua ya 6: Jaribio la haki, kwa maji matupu

Kabla ya chakula tumia maji. Hapa unajaribu kitu kimoja tu: kipi kinashika joto. Kwa hiyo kila kitu kingine kifanane, sufuria za aina moja, maji lita 4 kwa lita 4, yote yaanze yakiwa yamechemka, mahali pamoja, siku moja. Kinachobadilika ni kilichojazwa peke yake. Na lazima pawepo sufuria moja ambalo halijafungwa kitu, limekaa tu mezani. Bila hilo huna cha kulinganisha.

Kama una sufuria moja tu, fanya siku tofauti lakini saa ileile na pahali palepale, na andika joto la chumba kila siku.

Soma joto kila baada ya nusu saa kwa masaa manne. Shida ni kwamba ukifunua kusoma unaruhusu joto litoke. Kundi langu lilipata namna nzuri, walitoboa katikati ya mto na kwenye mfuniko kitundu cha saizi ya kipimajoto cha maabara, wakakiacha humo muda wote na kuziba pembeni kwa kitambaa. Tumia kile chenye spiriti nyekundu kinachofika nyuzi 110, cha zebaki hapana, na kwenye chakula usiweke kabisa kipimajoto cha kioo.

Chora grafu, muda chini, joto pembeni. Rudia mara tatu kila aina. Mimi huwa nawaambia kipimo ambacho hakikuwafurahisha ndo kiandikwe kwa wino mzito, msikifute. Kundi letu liliamini nguo kuukuu zitashinda, hazikushinda, sufi ilizipita na pumba kavu zilikuja karibu kabisa, ila pumba zikipata unyevu zinaanguka vibaya sana. Hilo la unyevu lilipatikana kwa bahati baada ya mvua kuingia stoo, na wangelificha wangekosa matokeo muhimu kuliko yote ya projekti yao.

Lengo letu tulijiwekea hivi, maji yaliyoingia yakichemka baada ya masaa matatu yawe bado juu ya nyuzi 75. Kikifika hapo, nenda kwenye maharage. Kisipofika, ongeza unene wa juu kwanza kabla ya kuhangaika na pembeni.

Hatua ya 7: Jaribio la chakula

Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka tu, joto la wastani haliiui. Kwa hiyo huwezi kuweka maharage mabichi kwenye maji ya moto ukayafungia kwenye kapu, utawaumiza watu matumbo. Fanya hivi: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka maji mapya, chemsha yatokote kwelikweli dakika 15 mfuniko ukiwa juu, halafu moja kwa moja kwenye kapu. Masaa matatu mpaka manne, na hakuna kuchungulia. Ukifunua, chakula kiwe bado cha moto sana, juu ya nyuzi 60, chini ya hapo bakteria wanaanza kuzaliana, hicho kimwage. Unapima kwa kipimajoto cha jikoni cha chuma, na kama huna, kigezo ni kwamba maji ya kipimo ya siku iliyotangulia kwa muda uleule yalikuwa juu ya hapo kwa mbali. Kisha rudisha motoni kichemke tena, ndo hapo unaweka kitunguu na nazi. Sufuria lijae angalau robo tatu, sufuria lenye chakula kidogo linapoa haraka.

Maharage ya zamani, yale yaliyokaa stoo mwaka mzima, yanaweza yasiive vizuri hata ufanyeje. Yarudishe motoni na uandike.

Sasa pima upya vile vitu vitatu vya hatua ya 3, kuni, muda wa moto, maji yaliyoongezwa, na cha nne tulichokipata kwa mama mpishi: dakika ambazo mtu alisimama kwenye moshi.

Hatua ya 8: Kikifeli

Kitafeli, hapa nataka nikae kidogo.

Kundi langu lilimrudia mama mpishi na grafu zao wakiwa wamejaa furaha. Akaangalia, akawapongeza, halafu akauliza swali moja. "Sufuria la shule linakula lita 100. Nani atalinyanyua likiwa linatokota aliweke kwenye hilo tenga?" Kimya. Hakuna aliyekuwa amelifikiria, na mimi pia sikuwa nimelifikiria. Kilo mia na zaidi za maji yanayochemka. Wakachora roda, wakachora tenga linalofungwa kuzunguka sufuria likiwa palepale kwenye mafiga, lakini pale kuna makaa na sufi inawaka, wakachora sanduku la matofali. Kila mchoro mama aliupatia kasoro, na kila kasoro ilikuwa ya kweli.

Wiki ile wawili walitaka kuacha. Niliwasimulia habari za Richard Turere, kijana wa Kimasai wa Kitengela, pembeni ya hifadhi ya taifa ya Nairobi, alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake na simba walikuwa wanawamaliza usiku. Kwanza alijaribu moto, akagundua unawasaidia simba kuona zizi. Akaweka sanamu ya mtu, usiku wa kwanza simba wakarudi nyuma, wa pili wakaona haisogei, wakaingia. Usiku mmoja akizunguka zizi na tochi simba hawakuja, ndo akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, sola, ile swichi ya indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatengeneza taa zinazowakawaka kuzunguka zizi. Angali mtoto wa miaka kumi na kitu. Ukiangalia vizuri, yale majaribio mawili yaliyofeli ndo yalimwambia simba anafikiria nini. Moto ulimwambia mwanga uliotulia hausaidii, sanamu ikamwambia kinachotisha ni kusogea.

Kwa hiyo kikifeli waulize wanafunzi maswali mawili: kimefeli wapi hasa, na tumejua nini ambacho jana hatukukijua? Sisi tulijua kwamba joto linashikwa, kizuizi ni uzito. Sufuria kubwa kwa sayansi ndo linafaa zaidi, linapoa taratibu kuliko dogo, ila kwa mikono ya binadamu haliwezekani. Wakaamua, kwa maneno yao, kuachana na sufuria la shule nzima na kwenda pale ambapo sufuria linanyanyulika na mtu mmoja, yaani nyumbani kwao, na sufuria la chakula cha wagonjwa bwenini. Sikuwapa mimi uamuzi huo. Mlezi kazi yako kwenye hatua hii ni kuweka mikono mfukoni, ukimaliza tatizo wewe, kwenye maonesho wataulizwa na watashindwa kujibu, na zaidi ya hapo umewanyang'anya kitu chao.

Hatua ya 9: Gharama

Andika kila kitu, hata ulichopewa bure. Tenga lililotoka nyumbani kwa mmoja wenu sio bure, mtu mwingine atalinunua. Bei iwe ya sokoni kwenu leo. Weka na bei ya kutengeneza upya kikichakaa. Basi.

Hatua ya 10: Maonesho na ulinzi wa wazo

Tanzania kuna Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa maonesho ya vijana ya Ireland ambayo yapo tangu 1965, na kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ya serikali kupitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), iliyoanza 2019, ambayo inapokea hata shule za msingi na wabunifu wasio na shule. Kenya kuna Kenya Science and Engineering Fair ambayo unapanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa. Masharti yanabadilika mwaka hadi mwaka, mengine yanataka wanafunzi wawili tu kwa projekti, kwa hiyo ulizia mapema afisa elimu wenu.

Bango lisijazwe maneno. Kero kwa sentensi moja, picha ya mwenye kero kama ameridhia, namna mlivyopima, grafu moja kubwa, kilichofeli, gharama. Daftari la projekti liwe mezani, lile lile chafu lenye madoa ya maharage, msilinakili upya. Jaji mzuri atalifungua kabla hajaangalia kifaa. Mtaulizwa mlibadilisha nini na kuacha nini vilevile, kwa nini mlirudia mara tatu, nani aliwasaidia. Aliyewasaidia mtajeni, fundi, mpishi, mzazi, haipunguzi alama. Na kwenye kifaa kama chetu andaeni jibu la hili: serikali imeshazitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, sasa kapu la nini? Jibu la watoto wangu lilikuwa kwamba kapu halijui moto umetoka wapi, hata kwenye gesi utachemsha dakika 15 badala ya masaa, na mtungi utakaa zaidi. Walilijibu vizuri kuliko ningelijibu mimi.

Kama mmebuni kitu ambacho kweli ni kipya kabisa, nendeni mkaulizie hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichobuni, kabla ya kukianika mbele za watu, kwenye ofisi za serikali zinazosajili, BRELA kwa Tanzania bara na KIPI kwa Kenya, maana kikishatangazwa hadharani haki ya upya inaweza kupotea. Kapu halikuwa jipya, hatukuhangaika huko.

Hatua ya 11: Rudini baada ya mwezi

Projekti haijaisha siku ya maonesho. Tuliacha makapu matano kwenye nyumba tano, na baada ya wiki nne wanafunzi wakapita kila nyumba bila kutoa taarifa, kuangalia mambo manne: lipo wapi, lilitumika lini mara ya mwisho, limebadilishwa nini, na sufi ina harufu? Nyumba mbili kapu lilikuwa juu ya kabati limejaa vyombo. Wakaambiwa sababu bila kuzunguka, mto wa juu ulikuwa umelowa mvuke na kuanza kunuka, hakuna aliyejua kama unafuliwa. Wakarudi wakashona mto wenye zipu, ganda linavuliwa linafuliwa, sufi inaanikwa juani.

Nyumba ya tatu, bibi wa mmoja wao alikuwa analitumia karibu kila siku, ila maharage hakupika humo hata mara moja. Alikuwa anachemsha makande jioni, anayafungia kwenye kapu, analala, alfajiri anayapasha yachemke tena wajukuu wanakula kabla ya kwenda shule. Masaa manane au tisa, sisi tulikuwa tumepima manne tu. Mjukuu wake akatoa daftari palepale akamuuliza bibi huwa yanakuwa ya moto kiasi gani asubuhi, na Jumatatu iliyofuata wakawa maabara na sufuria la maji na kipimajoto, wakisoma mpaka saa nne usiku na mlinzi akiwapokea kuendelea, wahakikishe hayashuki chini ya nyuzi 60 kabla ya kumwambia bibi aendelee.